Mchanga Nyuma ya Bati

Kifuniko cha injini kiliingia kwenye karakana ya Mama Rangi kikiwa kimefungwa ndani ya taulo jeupe la kuogea. Mama Rangi alilitazama taulo kabla hajamtazama aliyelibeba. Lilikuwa zito, laini, taulo la watu wenye maji ya moto bafuni, na sasa lilikuwa limejaa madoa meusi ya oili ambayo hata lingechemshwa wiki nzima yasingetoka. Akacheka kwa pua. Mtu mzima, ana mke, ana kazi, hajui kwamba kitu chenye grisi hufungwa kwa gazeti!

"Shikamoo, mama," alisema mkwewe.

"Marahaba, baba. Tunamwogesha nani leo?"

Mkwe alicheka kwa adabu, kama alivyofanya kila kitu kwa adabu. Ndiyo maana moyoni Mama Rangi alimwita Mstaarabu, na hakuwa akimsifu. Mstaarabu alifanya kazi ofisi ya bima, ghorofa ya pili, na kucha zake zilikuwa safi siku saba za wiki. Ukimkanyaga, yeye ndiye atakayeomba samahani. Miaka minne iliyopita alikuja hapo karakana kunyooshewa mlango wa gari, akaondoka na mnyooshaji.

Mnyooshaji huyo alikuwa binti pekee wa Mama Rangi, ambaye mtaa mzima ulimwita Spana tangu hajaanza shule. Spana alikuwa na mkono. Alipapasa bodi ya gari huku amefumba macho na kusema hapa pana bonde, na ukiweka rula, kweli bonde lipo. Mama yake alimfundisha kila alichokijua, akitegemea kwamba siku moja atamwachia funguo za karakana. Badala yake Spana alikwenda kukaa kwenye nyumba yenye mazulia, na mkono ule ukawa wa kumiminia wageni chai. Mama Rangi hakuwahi kulisamehe jambo hilo, wala hakujaribu.

Wiki tatu zilizopita Spana alirudi na mabegi mawili. Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Mstaarabu aliwaambia wenzake wa ofisini, mbele ya Spana, huku akicheka, kwamba mke wake zamani alikuwa "akichezachezea magari." Spana aliweka birika chini, akaenda kupanga nguo. Tangu hapo alikuwa akilala kwenye chumba chake cha usichana, nyuma ya karakana, na mama yake alikuwa akipika kwa furaha ambayo hakuhangaika kuificha.

"Ni cha gari lake," alisema Mstaarabu, akifunua taulo. "Injini yake aliifunga mwenyewe kabla hatujaoana. Siku zote anasema angependa kifuniko kiwe chekundu. Nikaona nikisafishe kwa mikono yangu, nikipake, halafu ndiyo nimwombe radhi. Maneno matupu hayatoshi, mama."

Jibu la Spana lilitoka dirishani, bila uso. "Mwambie asinipake mafuta kwa mgongo wa chupa! Afanye kazi. Akimaliza nitatoka nione."

Mama Rangi alifurahi sana kusikia hivyo, kwa sababu alijua mkwewe hatamaliza.

Akamtengea beseni la mafuta ya taa, brashi na ovaroli iliyoishia juu ya vifundo vya miguu, kisha akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa ili ayafaidi mateso yake. Kifuniko kilikuwa kimefura uchafu wa miaka: oili iliyokauka ikawa lami, vumbi limeganda juu yake, na mabaki ya gasketi, ule utepe wa kuzuia oili isivuje, yamenata kwenye ukingo.

"Oili yote itoke," alisema. "Rangi haishiki penye mafuta. Ukiacha doa dogo tu, injini ikipata moto rangi inavimba, inabanduka, na watu wanauliza fundi alikuwa nani."

"Hata huku pembeni ambako hakuonekani?"

"Kwani wewe huogi mgongo?"

Mstaarabu alisugua. Alisugua kona moja kwa brashi, akaifuta, akaiinua kwenye mwanga, akairudia. Aliomba mswaki mkuukuu kwa ajili ya matundu ya bolti. Aliomba kijiti kwa ajili ya mfereji wa gasketi. Saa nzima ikapita, na kona ile ilikuwa inang'aa kama sahani huku kona tatu zikiwa bado nyeusi. Kilichomkera Mama Rangi ni kwamba kona yenyewe ilikuwa imesafishwa barabara. Angekuwa mvivu angemcheka akashiba. Mtu asiye mvivu wala si fundi, anayefanya jambo sahihi kwa mwendo wa konokono, huyo hujui umfanye nini.

"Lete hapa," alisema hatimaye, akimnyang'anya. "Utazeeka nacho."

Akakipeleka kwenye sanduku la kupulizia mchanga, ambamo mchanga hurushwa kwa upepo wa kompresa kubandua uchafu. Na hapa ndipo alipofanya kosa ambalo angemfukuzia mtu yeyote kazi. Ndani ya kifuniko cha namna ile mna bati jembamba, limefungwa kwa skrubu sita, la kuzuia oili isirukie juu. Nyuma ya bati pana uwazi. Mchanga ukiingia humo hautoki kwa kuosha. Unakaa, unangoja injini iwake, kisha oili inausambaza kila mahali, na vyuma laini vinasagana mpaka basi. Miaka thelathini Mama Rangi aliwaambia wote waliopita mikononi mwake: usipulize mchanga kabla hujatoa bati. Lakini skrubu zile zilikuwa zimekwama, na kuzilegeza kulitaka moto na nusu saa ya subira. Nusu saa, kwa ajili ya Mstaarabu? Thubutu! Akaziba matundu kwa matambara, akawasha kompresa.

Baada ya dakika kumi kifuniko kilitoka cheupe kote. Mstaarabu alikishika kwa mikono miwili, akakigeuza huku na huku. Mama Rangi akakichukua tena, akakiosha, akakikausha kwa upepo wa kompresa. Kisha, kwa mazoea tu, akakiinamisha karibu na sikio.

Ndani kulitembea kitu. Chwaa, kidogo sana. Akakiinamisha upande wa pili, na kitu kile kikarudi kilikotoka.

Alisimama na kifuniko sikioni. Kusema ilikuwa rahisi: nimekosea, tufungue. Lakini amwambie nani? Huyu? Kisha likamjia wazo jingine, likaketi kifuani kama mgeni aliyekaribishwa. Asiseme. Kifuniko kipakwe, kifungwe, gari liwake. Katika muda wa wiki moja injini itaanza kugonga, na wiki ya pili itakufa, na Mstaarabu atasimama mbele ya mkewe akiwa ameua kwa mikono yake, kwa kule kuomba radhi kwake, kitu alichokijenga mkewe. Mabegi mawili yale yasingeondoka tena. Wazo hilo halikumtisha hata kidogo. Lilimpa raha.

"Tayari, mama?"

"Tayari. Ziba kingo kwa karatasi ya gundi."

Mstaarabu aliziba. Alikata kila kipande kwa wembe, akakikandamiza kwa ukucha, asiache mwanya. Kazi safi ya kuudhi. Alipomaliza aliuliza, "Kuna kitu kingine cha kuangalia kabla ya praima?"

"Wewe paka."

Akapaka. Praima ya kijivu, rangi ya chini, ililala vizuri, na ilipoanza kukauka mlango wa nyuma ulifunguka. Spana alitoka amevaa ovaroli ya mama yake. Hakumsalimia mumewe. Alikizunguka kifuniko, macho kwenye kingo.

"Nani ameziba hapa?"

"Mimi," alisema Mstaarabu.

"Hm. Umeziba vizuri."

Maneno mawili hayo yalimchoma Mama Rangi kuliko alivyotarajia. Spana akasubiri praima ishike, kisha akakiinua kifuniko kwa kingo zilizozibwa ili aone upande wa chini. Kikainama. Chwaa.

Mikono yake ilisimama. Hakuuliza mtu. Aliwasha moto, akazipasha skrubu moja baada ya nyingine, akazifungua zote sita, akang'oa bati. Mchanga ukamwagika mezani, wa kujaza kiganja.

"Huu ungeingia kwenye injini?" aliuliza Mstaarabu.

"Ungeiua."

Mama Rangi alingoja hasira ya mkwewe. Alikuwa amekwisha kuiandalia majibu. Haikuja. Mstaarabu alimtazama kwa macho ya upole, macho ya mtu aliyekuja kumwona mgonjwa.

"Mama amechoka," alimwambia mkewe kwa sauti ya chini. "Miaka sitini na moja, peke yake, na makelele ya kompresa mchana kutwa. Hata masikio yanachoka. Si kosa lake." Akaifuta mikono kwenye ovaroli. "Labda ubaki naye. Miezi michache. Mimi nitakuwa nakuja kila Jumamosi."

Spana aliitazama mikono ya mama yake kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. "Kama umeanza kusahau, mama, nitabaki," alisema. "Usiwe na wasiwasi. Nitabaki."

Basi ndilo hilo. Alilolitaka kwa miaka minne lilikuwa limewekwa mbele yake, na kulichukua kulihitaji kutikisa kichwa tu. Ajifanye bibi kizee aliyeanza kupotea. Spana atalala chumba kile kile, atashika brashi ile ile, na kila jioni atapita nyuma yake kukagua alichokifanya, kwa upendo, akikirudia kimyakimya. Na aliyempatia yote hayo ni mtu aliyefunga grisi kwa taulo! Kuonewa huruma na huyu! Damu ilimpanda hadi masikioni, masikio ambayo hayakuwa na kasoro yoyote.

"Sijasahau," alisema.

"Mama, hakuna anayekulaumu..."

"Nyamaza wewe. Sijasahau, na sikio langu zima. Nilisikia mchanga. Nilipokiinamisha tu, nilisikia."

Spana aliweka bisibisi chini. "Halafu?"

"Halafu nikanyamaza."

"Kwa nini?" aliuliza Mstaarabu. Hakuwa anashtaki, hakuelewa kwa kweli, na kulazimika kumweleza kulikuwa adhabu ya peke yake.

"Ili injini ife mikononi mwako. Umeelewa sasa?"

Nje gari lilipita, likapiga honi, likaenda zake. Mama Rangi hakujua kama lililomfungua mdomo ni ukweli au ni kiburi cha fundi asiyetaka kuitwa mzembe. Alijua tu kwamba hawezi kuyarudisha maneno yale.

"Ni injini yangu, mama," alisema Spana.

"Najua."

"Nilikuwa nafunga bolti, wewe umenishikia taa. Ulikuwepo."

"Najua, mwanangu. Nilikuwepo."

Spana aliukusanya mchanga mezani, akautupa. Mstaarabu naye, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakuomba samahani wala hakusema si kitu. Alichukua beseni, akaenda bombani. Mama Rangi alimheshimu kwa hilo kwa muda wa pumzi moja, kisha akajikasirikia.

Waliosha pamoja, mara tatu, na kila mara Spana alikiinamisha kifuniko sikioni mwake, halafu sikioni mwa mumewe. "Unasikia kitu?" "Sisikii." "Sikiliza tena." Wakarudisha bati, wakaisawazisha praima kwa msasa laini, wakapaka nyekundu. Mara ya kwanza Mstaarabu alipaka peke yake. Mara ya pili mkewe alimshika kiwiko. Hakuna aliyemuuliza Mama Rangi chochote, ingawa karakana ilikuwa yake.

"Rangi ikikauka tunaondoka," alisema Spana bila kugeuka. Wakaingia ndani kupanga mabegi.

Kifuniko kilibaki mezani, kivulini. Mama Rangi alikisogelea, akakiinamia, akatafuta tone lililochirizika, unywele wa brashi, kosa moja tu la kumpoza moyo. Hakuliona. Hapo kivulini rangi ile ingechukua mpaka kesho mchana kukauka, na nani angembishia? Mtaani hapo yeye ndiye aliyeijua rangi. Kutoka ndani ilisikika zipu ya begi ikifungwa, kisha ya pili.

Alikishika kwa ncha za vidole, pale kwenye karatasi, akakibeba taratibu hadi uani, akakiweka juani.