Kurasa Kumi na Sita za Dada

Wachapishaji watatu walinikataa. Wawili walikaa kimya, wa tatu akaandika mstari mmoja: hadithi yako haina msomaji. Mimi ni karani wa masjala, kutwa napanga mafaili ya watu wengine, na mstari ule nikaupanga kichwani, kwenye faili la mbele kabisa. Kila nilipokaa kuandika niliukuta pale. Mwishowe nikasema liwalo na liwe, nitakichapa kitabu changu mwenyewe.

Mchapaji niliyempata walimwita Gundi, kwa sababu vidole vyake vilinata mchana kutwa. Alinieleza kazi ilivyo: karatasi moja kubwa hukunjwa ikawa kurasa kumi na sita, mikunjo hupangwa mezani kwa safu, kisha wafanyakazi huizunguka meza wakiokota mmoja mmoja mpaka kitabu kitimie. Siku ya kuchukua maboksi alinipa nakala mkononi.

"Kagua kwanza, mkubwa, ndipo utie saini."

Nikainusa, nikapapasa jalada, nikatia saini. Ndani sikuangalia. Wanasema kinyago ulichochonga mwenyewe hakikutishi. Changu kilinitisha. Niliogopa kwamba nikifungua tu, kosa la kwanza litanirukia machoni, na yule wa mstari mmoja atakuwa amesema kweli.

Ofisini walinipongeza mpaka nikaona haya. Bosi alisema kitabu ni kizuri, hasa mwisho wake. Shemeji yangu aliapa kwamba alikimaliza kwa siku moja. Wengine walisema, "Nitakisoma nikipata nafasi," na nafasi hiyo mtu huipata akishakufa.

Dada hakusema lolote. Ni mkubwa wangu kwa miaka minne, anafua mashuka hospitalini, hospitali inayotazamana na ofisi yetu. Kitabu kizima nilikiandika kwa ajili ya sura moja, ya saba, na sura hiyo ni yake. Asubuhi ya mtihani wake wa kumaliza shule ya msingi, alijificha kwenye banda la kuku mpaka mtihani ukaisha. Alikuwa amemsikia baba akisema uwezo wake ni kusomesha mtoto mmoja tu. Yeye alikuwa wa kwanza darasani, angefaulu, na mimi ningebaki. Baba alimchapa, akamwita mvivu, na jina hilo likamganda. Ila mimi nilimwona bandani, kupitia ufa wa mbao. Nilikuwa na miaka tisa na nilijua kabisa anachofanya. Nilinyamaza kwa sababu nafasi ile niliitaka. Miaka thelathini na kitu mdomo wangu ulishindwa, nikaamini kalamu itaweza.

Basi miezi ikapita, na dada akaanza kunikaribisha kama mgeni. Jumamosi moja nikaona potelea mbali, nitamuuliza. Nilimkuta anakunja nguo. Kitabu kilikuwa juu ya kabati la vyombo, kimevikwa gazeti kama daftari la mwanafunzi, kingo zake zimechakaa kwa kushikwa.

"Kumbe umekisoma, dada?"

"Mara mbili."

"Sasa mbona kimya?"

"Ulitaka nipige vigelegele?" Hakuinua macho. "Kizuri. Baba umemweka vizuri. Hata yule mbwa wetu mwenye kilema umemweka."

"Na wewe je?"

Akachukua nguo nyingine, akaikunja. Nikadhani anaona haya, mpumbavu mimi, nikakichukua kitabu ili nimsomee sura yake kwa sauti. Ukurasa wa tisini na sita. Nikageuza. Themanini na moja. Nikageuza, nikageuza, nikafika tena tisini na sita, kisha mia moja na kumi na tatu. Mkunjo mmoja uliokotwa mara mbili, na uliofuata haukuokotwa kabisa. Sura ya saba haikuwemo.

Bosi aliyependa mwisho, shemeji wa siku moja, wote hawakufika ukurasa wa tisini na saba. Wala mimi.

"Mara ya kwanza nilidhani macho yangu," dada alisema. "Nikarudia toka mwanzo, kwa kidole, polepole. Nikajitafuta mpaka jalada la nyuma. Basi nikaelewa. Umesoma, una ofisi, sasa dada wa kufua mashuka wa nini kitabuni?"

"Ni mchapaji, dada! Uliandikwa, haki ya Mungu! Ni kosa la mchapaji!"

"Sawa, mdogo wangu."

Ilikuwa ile sawa ya kumwambia mgonjwa kwamba atapona.

Nyumbani nilipasua maboksi yote. Nakala zote zilikuwa na kosa lile lile. Gundi nilimkuta anakula, akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Si ulitia saini?"

Jumatatu nilizichapa zile kurasa kwa mashine ya ofisini, nikavuka barabara mbio mpaka chumba cha kufulia. Mashine zilikuwa zinanguruma, wenzake wawili wanavuta shuka huku na huku. Dada alifuta mikono, akazipokea karatasi, akazipapasa kama anavyopima shuka kama limekauka.

"Bado zina joto," alisema. "Umeandika lini? Jana?"

"Miaka tisa iliyopita, dada."

Akanitazama. Nilitakiwa kusema maneno mawili tu: nilikuona bandani. Angeamini hapo hapo, kwa maana nani mwingine angejua? Mdomo nikaufungua. Wenzake wakaacha kuvuta shuka. Niliona aibu yangu yote imekuja mpaka kwenye ulimi, nikaimeza, kama nilivyoimeza nikiwa na miaka tisa.

"Zisome tu," nikasema.

Dada alisubiri kidogo zaidi. Najua alisubiri. Kisha akazikunja zile karatasi mara mbili, akazitia kwenye mfuko wa aproni yake iliyolowa.

"Nitazisoma nikipata nafasi," alisema, akarudi kwenye mashuka.