Neno la Mlangoni

Maziwa yalianza kuvuja saa tano kasoro, yakalowanisha aproni mbele za watu. Mkandaji alifunika donge la mwisho la unga wa mkate kwa kitambaa, akaangalia saa ya ukutani. Unga ulihitaji dakika arobaini kuumuka. Ndizo hizo dakika arobaini alizokuwa nazo za kumkamulia mwanawe, na hakuwa na pa kukamulia.

Jana alijibanza stoo, nyuma ya magunia. Mpakizi akaingia bila hodi, akamkuta kifua wazi, akatoka anacheka kwenda kuwasimulia wenzake. Jioni mama mkwe alimtazama mtoto anavyonyonya na kulia, kunyonya na kulia, akasema kwa upole, "Mwanangu, yanakauka hayo. Mwanzishie ya kopo tu." Mtoto mwenyewe ndiyo kwanza ana miezi mitatu.

Na hapo, hatua kumi kutoka meza ya kukandia, kulikuwa na chumba safi chenye sinki, maji ya moto, kiti na komeo kwa ndani. Mlangoni kilipigiliwa kibao cha Kiingereza: LADIES, mabibi. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari juu ya dawati la Msimamizi, mwanamke wa suti nyeusi ambaye tangu bekari ifunguliwe hajawahi kugusa unga. Wakandaji walivuka barabara kwenda choo cha gereji.

"Dada, naomba ufunguo."

Msimamizi hakuinua macho. "Tumeshaongea. Kile ni cha wateja na watu wa ofisi."

"Nakamua tu, nanawa, natoka."

"Hujui kusoma? Mlangoni imeandikwa ledis. Wewe ni mkandaji."

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Kusoma alijua. Wiki ile mwalimu wa darasa la jioni aliwaambia kila mmoja achague neno moja la Kiingereza analokutana nalo kila siku, alichimbe mpaka kwenye mizizi. Yeye alichagua la mlangoni. Alilifukua kwenye kamusi nene kama tofali, mtoto kamlaza mapajani.

"Nimelisoma hilo neno," akasema. "Zamani sana yalikuwa maneno mawili: mkate, na kukanda. Mwanamke mwenye kukanda mkate, ndiye huyo. Baadaye wakaitwa hivyo wenye nyumba, halafu wake za wakubwa, halafu nyinyi. Lakini wa kwanza alikuwa na unga mikononi. Kama hivi." Akamnyooshea viganja.

Mezani mtu alipiga mluzi. Msimamizi akacheka puani.

"Sasa kamusi ndiyo imekuajiri? Nenda gereji."

Mkandaji hakwenda gereji. Alinyoosha mkono juu ya kichwa cha Msimamizi, akachomoa ufunguo msumarini, akazipiga zile hatua kumi, akaingia, akafunga komeo.

Mwanzoni maziwa hayakutoka. Ghadhabu ilikuwa haijamtoka, na nje Msimamizi anaupiga mlango ngumi. "Toka! Toka humo, mshenzi wee!" Akatoa chupa mfukoni mwa aproni, akafungulia maji ya moto, akalowesha kitambaa, akakibandika kifuani, akafumba macho akamuwaza mwanawe anavyomkunjia ndita akicheleweshewa. Tone la kwanza likadondoka chupani. Halafu yakaja kwa mfululizo.

Ghafla ngumi zikakoma. Ikasikika sauti ya Bibi Hamira, mkandaji mkongwe kuliko wote, aliyepewa jina hilo kwa sababu hasira zake huvimba polepole.

"Mwanangu, mlango ndio huu, na mimi ndiye huyu mbele yake. Nisukume basi."

"Pisha, Bibi! Utanichafua!"

"Ndiyo maana nikasema nisukume. Nimepakaa unga mpaka viwikoni, na hiyo suti yako nyeusi."

Bekari nzima ikaangua kicheko.

Mkandaji alipotoka, chupa ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Msimamizi alisimama mbali kidogo, ameshika koti lake kama mtu aliye karibu na moto.

"Kesho usije kazini."

"Kesho nakuja, dada. Saa tano kasoro nitahitaji ufunguo."

"Mimi saa nne," akasema Bibi Hamira.

Kisha mkandaji wa tatu, mwanamke ambaye kwa miaka miwili hakuna aliyemsikia akiomba chochote pale, akaweka mti wake wa kusukumia unga mezani, akaja, akaupokea ufunguo kutoka mkononi mwa mwenzake.

"Mimi ni sasa hivi," akasema, akaingia.