Kura za Nyumba ya Kufulia

"Nenda kapige kura, shoga. Mashuka yako nitayakamua mimi."

Tangu asubuhi Edna Thwaite alikuwa akiwaambia hivyo wanawake walioingia kwenye nyumba ya kufulia ya mji na mafurushi yao ya nguo. Mji wao wa Harrowclough ulikuwa umeunganishwa na Stenby kuwa wilaya moja mpya, na leo ndiyo walikuwa wakichagua halmashauri ya kwanza. Wilf Akroyd, mgombea wao, alikuwa ameapa kwamba nyumba ya kufulia haitaguswa. Edna alikuwa amefanya kazi humo miaka thelathini na minane. Kazi nyingine hakuijua.

"Wewe umeshapiga?" akauliza Peggy, akijifunga kitambaa kichwani.

"Nimalize zenu kwanza. Kura yangu haikimbii."

"Wilf akishindwa kwa kura moja, tutakuanika wewe kambani."

Wakacheka, wakaenda. Kufikia jioni walioenda walikuwa arobaini na mmoja, na kila aliyerudi alikuta nguo zake zimekunjwa.

Nusu saa kabla ya vituo kufungwa, jua la Juni likiwa bado madirishani, Wilf akaingia na ua la utepe la wagombea kifuani. Edna alikuwa peke yake, akipitisha shuka la mwisho kwenye mashine ya kukamulia.

"Umenibeba leo, mama." Akasita. "Bora uyasikie kwangu. Tumeelewana na wenzetu wa Stenby. Watatuachia uenyekiti wa halmashauri. Ila hapa patakuwa maegesho ya magari."

"Mmeelewana lini?"

"Wiki iliyopita. Ningesema mapema, wale akina mama wangenipa kura?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeomba kueleweka.

"Mama yako alifulia nepi zako kwenye beseni lile pale," Edna akasema. "Nikazikamua mimi."

"Siku hizi watu wana mashine majumbani, Edna."

"Peggy hana. Nusu yao hawana."

"Basi ndiyo hivyo. Kura zimeshapigwa."

Edna aliliacha shuka likining'inia, nusu limekamuliwa, nusu linachuruzika, akatoka na aproni yake. Peggy alikuwa dirishani kwake, akimpungia mkono.

"Tumemfikisha, eeh?"

Edna alishindwa kuinua mkono wake.

Shuleni, palipokuwa kituo cha kupigia kura, mlango ulikuwa bado wazi. Kibandani akaishika penseli iliyofungwa kwa uzi, vidole vyake vimekunjamana kwa maji. Majina mawili kwenye karatasi. Tone likadondoka kutoka kwenye mkono wa gauni, likaangukia kando ya jina la Akroyd, pale pa kutia alama, likaanza kutanuka taratibu. Nyuma yake, msimamizi alikuwa akitafuta funguo.