Nusu Ada ya Afande Lekishon

Anayekwambia kupunguziwa ada ni bahati tupu, huyo hajawahi kupunguziwa kitu na mtu mwenye pesa. Lekishon alipunguziwa. Sajenti mstaafu, mtu mzima mwenye watoto wanaomzidi kimo, alikuwa anakaa dawati moja na vijana wanaomwita Afande, anasomea utabibu katika chuo kimoja cha binafsi pale Elerai, Arusha. Nusu ya ada alijilipia kwa kuuza ng'ombe. Nusu nyingine ililipwa na mfuko wa Mzee Ndesanjo, tajiri wa mahoteli kutoka Moshi, anayewapenda wanajeshi wastaafu. Anawapenda kweli, tusimsingizie. Ila mapenzi yake yana sharti: kila anayelipiwa lazima, kabla ya mtihani wa mwisho, asimame mbele ya wageni atoe ushuhuda wa vitani, ili wageni waguswe na wachangie. Asiyetoa ushuhuda hasainiwi fomu yake ya ada, na asiyesainiwa haingii kwenye mtihani.

Mara ya kwanza alipopangiwa, Lekishon alijifanya mgonjwa. Mara ya pili akasingizia msiba. Safari hii maji yalikuwa yamemfika shingoni: mtihani ulikuwa Jumatatu, leo ni Ijumaa, na zizi lake kule magharibi ya Mlima Meru halikuwa na ng'ombe wa kuuza tena.

Na utabibu kwake haukuwa mchezo. Kule Kongo alikokwenda kulinda amani, rafiki yake alipigwa risasi ya paja, na Lekishon akabaki anabonyeza jeraha kwa kofia, hajui afanye nini kingine. Rafiki akamfia mikononi. Tangu siku ile alitaka kitu kimoja tu duniani, kujua alichotakiwa kufanya, ili asije akakaa tena hivyo na mtoto wa mtu.

Jina la huyo rafiki? Subiri kwanza. Kwao hawalitaji. Waarusha wa upande ule, hata wale wasiokosa ibada ya Jumapili, wako wengi ambao aliyekufa hawamwiti tena kwa jina, na mbele ya mama yake ndiyo usithubutu kabisa. Alipozikwa, binamu yake aliyekuwa na jina hilo hilo alipewa jina jingine, na hata mchungaji akalizoea. Mama mzazi, Naserian, hakulitamka tena tangu siku lori la jeshi lilipomshushia jeneza.

Kwa hiyo Lekishon alikuwa amejipanga. Wiki nzima chumbani kwake Daraja Mbili alikariri ushuhuda wa "rafiki yangu". Rafiki yangu alifanya hivi, rafiki yangu alisema vile, basi, asante, nakaa. Hakuna jina. Angepita katikati, asiyasaliti ya kwao wala asikose mtihani.

Akaingia ukumbini kifua mbele, suti imepigwa pasi, na hapo hapo akasimama ghafla.

Jukwaani palikuwa na picha. Picha kubwa, ya kimo cha mtu, ya rafiki yake amevaa kombati anacheka, na shingoni pa picha pamening'inizwa shada la maua ya njano na ya rangi ya machungwa. Na mstari wa mbele, kwenye kiti cha wageni wa heshima, alikaa Naserian mwenyewe, shuka amelivuta mpaka machoni.

"Umeonaje, Afande?" Madam Jyoti, mkuu wa chuo, alimjia anatabasamu. "Picha nimeikata kutoka ile ya kikosi uliyotuletea kwa ajili ya kalenda, ukanionyesha yeye ni yupi. Mama nimemtafuta kupitia kwa mchungaji wao. Nilitaka uone tunavyomheshimu kijana wake."

Jamani, angemjibu nini? Madam wa watu alikuwa anafurahi. Jyoti ni Mhindi mzaliwa wa hapa hapa mjini, familia yao imefanya biashara Arusha tangu enzi za babu yake. Nyumbani kwao picha ya marehemu baba yake, mzee Rasik, imetundikwa sebuleni na shada kama hilo, na kila asubuhi anawasha ubani na kumtaja kwa jina. Kwake heshima ya marehemu ni hiyo. Miaka yote aliyoishi na Waarusha hakuwahi kuuliza wao wanafanyaje, na wao, kwa ile aibu yao ya kutotaka kumsahihisha mtu, hawakuwahi kumwambia.

"Jina sijaliandika," akaongeza kwa sauti ya chini, kama anayempa zawadi. "Nimekuachia wewe ulitaje."

Lekishon alimsogelea Naserian, akainama. "Shikamoo, yeyo," akasema, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Marahaba." Mama hakumtazama. "Waliniambia unatuzwa wewe. Hawakuniambia na yeye yupo."

Lekishon alitamani ardhi ipasuke. Alitaka kumwambia si mimi, yeyo, naapa si mimi, lakini mshereheshaji alikuwa tayari anamwita.

Akashika kipaza sauti. Akaanza. Rafiki yangu hivi, rafiki yangu vile. Sauti ilikuwa yake lakini aliisikia kwa mbali. Alisema juu ya matope, juu ya gari lililokwama, juu ya risasi. Baadhi ya wageni walikuwa wanafuta machozi. Macho ya Lekishon yaliganda kwenye saa ya ukutani, kwa sababu kila kwingine alikotazama kulikuwa na mmoja wao, mama au mwana. Akafika mwisho. Akashusha pumzi.

"Huyo shujaa anaitwa nani?" Mzee Ndesanjo aliuliza kutoka kitini kwake, kalamu mkononi. Hakuuliza kwa ubaya. Kwao Moshi mtu akifa anatajwa kanisani, anatajwa kwenye matanga, anatajwa mpaka wajukuu wanamjua. "Mtaje, kijana wangu. Watu wamjue."

"Ni rafiki yangu, mzee."

"Rafiki yako ana jina."

"Analo, mzee."

"Basi?"

Watu wakaanza kutazamana. Lekishon alilihisi jina pale mdomoni, tayari kabisa, neno moja tu, kufumba na kufumbua yamekwisha. Alimtazama Naserian. Mama alikuwa ameziba masikio kwa viganja, polepole, kama mtu anayejikuna tu. Hapo akajua hawezi. Hasira zikampanda, za kweli, kwa picha, kwa maua, kwa yule mzee na kalamu yake.

"Siwezi, mzee. Nisamehe."

Ndesanjo akafunika kalamu. "Mimi simlazimishi mtu. Lakini sharti ni sharti, na wenzako wote wamelitimiza."

Madam Jyoti alipanda jukwaani mbio, uso umempauka, akamnong'oneza. Kwa haraka zake akasahau kwamba kipaza sauti kiko kati yao, hakijazimwa, na ukumbi mzima ukasikia: "Lekishon, tafadhali! Usipomtaja hatakusainia, na Jumatatu nitalazimika kukuzuia mlangoni. Miaka mitatu yote itapotea kwa neno moja!"

Naserian alikuwa ameshashusha mikono. Alisikia.

Akainuka. Aliinuka taratibu, mkono kwenye egemeo la kiti, akageukia ile picha kwa mara ya kwanza. Shuka likaanguka kutoka usoni na hakulirudisha.

"Yeyo, acha," Lekishon alisema. "Kaa, yeyo. Nitarudi nyumbani, si neno."

Hakumsikiliza.

"Lesian," akasema.

Hakusema kama anayewatajia watu. Aliita, vile mama anavyomwita mtoto aliye na ng'ombe ng'ambo ya bonde. Akanyamaza, kichwa amekiinamisha upande. Akaita tena, kwa nguvu zaidi. "Lesian!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wageni walisimama, wengine wakapiga vigelegele, Madam Jyoti akalia kwa furaha, na Mzee Ndesanjo, naye machozi yanamtoka, akafungua kalamu akasaini pale pale mezani.

Lekishon aliruka kutoka jukwaani akamfuata mama, ambaye alikuwa anatoka bila kumuaga mtu. Alimkuta nje kwenye ngazi, amekaa, mikono imemlegea mapajani. Akapiga magoti mbele yake na suti yake ile.

"Nisamehe, yeyo. Kwa nini umefanya hivyo? Ningeacha. Haki ya Mungu ningeacha."

"Ili mwingine naye akufie?" Alisema bila ukali. Ndani makofi yalikuwa bado yanaendelea. "Miaka yote hii sikumwita. Nilikuwa najiambia labda yupo mahali, ni mimi tu sijaita."

Akajifuta uso kwa pembe ya shuka.

"Leo nimeita mara mbili, Lekishon. Hakuitika."