Zamu ya Maji ya Mama Priska

Klabu yetu ilikuwa na wanachama saba na mlango mmoja, na juu ya mlango niliandika kwa mkaa: WANACHAMA TU. Mwaka ule wa 1975 kijiji chetu, huko milimani juu ya Same, kilikuwa na vikao vingi mpaka kuku walianza kuinua bawa kuomba nafasi ya kusema. Sisi tulijificha tukicheza karata.

Mwanasheria wa klabu nilikuwa mimi, karani wa ghala la kahawa. Nilikuwa na kitabu cha sheria ambacho panya walikula nusu, na panya wale wakawa wanatembea mikono nyuma kama mahakimu. Katika nusu iliyobaki nilijisomea kwamba klabu ya faragha si mahali pa wazi, na kamari ni mchezo wa fedha. Basi fedha hatukuweka. Tuliweka zamu za maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, ambalo kila nyumba ina siku yake ya kufunguliwa.

Jumamosi moja niliweka zamu yetu ya Jumanne. Maharage ya mke wangu Dorkas, mama Priska, yalikuwa yanatoa maua, na mvua ilikuwa imetukimbia wiki tatu. Lakini nilikuwa na ree ya shupaza mkononi, karata kubwa. Tumainieli, seremala, akatoa turufu ndogo, chafu, imekunjika pembe, akaiweka juu ya ree yangu taratibu kama anayefunika chungu.

Nyumbani sikusema kitu.

Jumatatu mwenyekiti wa kijiji, Mzee Melkizedeki, alituita sote saba mbele ya mkutano. Dorkas alikuwa amekaa na wanawake wenzake, anasuka ukili.

“Kama ni kamari,” alisema mzee, “mtabeba mawe siku tatu kujenga ukuta wa ndiva, na yote mliyoshindania yamefutika. Karani, una neno?”

Mwenye akili angeinamisha kichwa. Mimi nikafungua kitabu.

Nilisema karibu nusu saa. Faragha ni faragha. Fedha haikuwepo. Kosa liko wapi? Vijana wakanipigia makofi, nami nikavimba.

Mzee alivua miwani. “Haya, umenishinda. Si kosa. Basi kilicholiwa kihalali kilipwe. Tumainieli, ulikula nini?”

“Maji ya kesho, mzee.”

“Ya nani?”

Tumainieli alikuna shingo. “Ya mama Priska. Lakini mimi naweza kuyaacha, mzee. Ule ulikuwa mchezo tu.”

Mlango ulikuwa wazi hivyo. Ila watu walikuwa wananitazama, na makofi bado yalikuwa masikioni.

“Sheria ni sheria,” nikasema.

Dorkas aliacha kusuka.

Alfajiri alichukua jembe. Nilimfuata nikidhani anakwenda kugombana. Alifika mferejini, akaziba kwa udongo mdomo wa upande wetu, akaukanyaga ukakaza. Maji yalipokuja yakapita kwenda kwa Tumainieli.

“Baba Priska, pale panavuja,” aliniambia, akanipa jembe. “Maji ya watu hayo.”

Nikaziba.

Wajukuu nimewasimulia miaka yote kwamba maharage yale yaliliwa na tembo kumi na mmoja waliopanda kutoka Mkomazi, na mmoja alikuwa kilema. Dorkas hunisikia, naye huendelea kuchagua mchele. Hakukuwa na tembo.