Mtaa Wenye Utulifu

Mwalimu alikuwa na ugonjwa ambao walimu wengi wa lugha wanaupata na hawautibu: hakuweza kuona maandishi akayaacha yapite. Alisahihisha vibao vya maduka akiwa njiani kwenda kazini. Alisahihisha matangazo ya misiba huku machozi yakimtoka. Kwa hiyo ilipofika kazi ya kuchagua mtaa wa kufikia, wala hapakuwa na mjadala. Aliachiwa yeye, maana ndiye pekee katika ukoo mzima anayesoma kila kitu mpaka nukta ya mwisho.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwanza ya aina yake. Alikuwa amefikisha miaka hamsini na mbili akisafiri kwa misiba, semina na hospitali tu. Kwenda mahali kwa ajili ya kupumzika aliona ni mambo ya watu wa kwenye televisheni. Aliyemchokoza ni mdogo wake, Kitinda, aliyeitwa hivyo kwa sababu ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Kitinda alikuwa na miaka thelathini na tisa, fundi wa kushona mapazia, mcheshi, mwenye maneno mengi. Wazazi wao walifariki mapema, na Mwalimu ndiye aliyemlea tangu ana miaka kumi na miwili, akamsomesha, akamwoza, na hakuona aibu kuwakumbusha watu hivyo. Sasa Kitinda alitaka waende jiji kubwa siku tatu katika likizo fupi ya shule, wao wawili tu, bila watoto wala wajukuu.

Jiji lile Kitinda aliwahi kuishi utotoni, mwaka mmoja na nusu, kwa shangazi yao, wakati Mwalimu yuko chuoni. Mwalimu akamwuliza mtaa upi ni mzuri. Kitinda akacheka, akasema hajui hata mmoja, kwani enzi hizo alikuwa hatoki nje. Mwalimu akacheka naye.

Basi akavaa miwani, akafungua simu, akaanza kuichambua mitaa mitatu. Mtaa wa stesheni ulikuwa karibu na kila kitu, lakini wageni waliulalamikia kelele, na mmoja alisema begi lake lilitoka mlangoni kabla yake. Mtaa wa mlimani ulikuwa na mandhari nzuri na ngazi mia moja na kumi. Mwalimu aliyafikiria magoti yake akaufuta. Mtaa wa tatu ulikuwa nyuma ya viwanda vya zamani, hauna sifa yoyote ya kujivunia, ila nyumba moja ya wageni iliyokuwa huko ilisifiwa na watu sita, nyota tano kila mmoja. Hapana kelele, walisema wote. Unalala mpaka unasahau siku. Mwalimu, ambaye kwa miaka ishirini na sita hakuna siku aliyokaa saa nzima bila mtoto wa mtu kupiga kelele, alihisi mabega yanamlegea. Akachagua huo.

Kitinda alijibu kwa ujumbe wa sauti, kama kawaida yake, maana huyu hakuwa mtu wa kuandika. "Sawa dada," alisema. "Nilijua utachagua huo." Akaongeza kwamba yeye atatangulia siku tatu kabla, ana mapazia ya mteja ya kupeleka hukohuko. Jumatano akaondoka. Mwalimu angemfuata Jumamosi.

Alhamisi mchana Mwalimu alikuwa kwenye chumba cha walimu, mbele ya rundo la insha, akitaka kulimaliza kabla shule haijafungwa. Katika insha ya kumi na nane mwanafunzi aliandika kwamba alipigwa na bumbuwasi. Katika insha ya kumi na tisa mwanafunzi mwingine naye akapigwa na bumbuwasi. Mwalimu akatabasamu peke yake, tabasamu la paka. Makosa ya kawaida ni ya wote, hayamshtaki mtu. Lakini kosa la pekee lina mwenyewe, na likionekana mahali pawili ujue mkono ni mmoja. Aliziweka insha zile pembeni, pamoja, kama washtakiwa wanaosubiri kuitwa.

Ndipo kitu kikamgusa. Tabasamu likaisha. Akaichukua simu, akaitafuta ile nyumba ya wageni, akasoma upya, safari hii kama mwalimu, si kama mwanamke aliyechoka.

"Mtaa una utulifu wa ajabu," aliandika mgeni wa kwanza. "Nimepata utulifu niliokuwa nautafuta," aliandika wa pili. Wa tatu: "Utulifu mtupu, hata mbwa hawabweki." Wa nne: "Hutasikia sauti ya mtu. Utulifu." Wa tano alisema alikaa zaidi ya alivyopanga, kwa sababu ya utulifu. Wa sita alikuwa na neno moja tu, na neno lenyewe ndilo hilo.

Watu sita, majina sita, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba neno ni utulivu. Katika miaka yake yote ya kazi Mwalimu aliona utulivu ukiandikwa kwa kila namna ya ujinga, lakini hilo la kuweka "f" lilikuwa geni. Au si geni kabisa. Kuna mahali aliwahi kuliona, zamani sana, na kila alipojaribu kupakumbuka palimponyoka.

Mwalimu wa hesabu, aliyekaa meza ya jirani, akaangalia simu akaguna. Alisema ni ujanja wa kibiashara tu, mwenye nyumba amejisifu mwenyewe kwa majina ya uongo, nani asiyefanya hivyo siku hizi. Tena akamtania kwamba sasa ameanza kusahihisha hata likizo. Mwalimu akatulia kidogo, maana maneno yalikuwa na akili. Akampigia Kitinda amweleze kioja hicho. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena. Mara ya nne ukaingia ujumbe, si wa sauti, wa kuandikwa:

"Nimefika salama dada. Huku kuna utulifu. Njoo tu."

Mwalimu akausoma neno kwa neno. Kitinda hajawahi kumwandikia ujumbe, hata wa salamu, hata wa msiba. Kuna mtu ameshika simu ya mdogo wake. Kuna mtu anayeandika maoni ya wageni baada ya kuwapokea, na sasa anaandika kwa jina la Kitinda, na anamwita na yeye aje.

Aliwaza afanye nini asimshtue mtu huyo, na ualimu ukamjia wenyewe. Akaandika: "Nisaidie kitu, kuna mwanafunzi kaniuliza. Kinyume cha fujo ni nini?"

Jibu lilikuja papo hapo, kana kwamba mtu alikuwa amekaa akilisubiri swali. "Utulifu."

Alikwenda kituo cha polisi kilichokuwa ng'ambo ya shule. Polisi wa zamu alisoma ujumbe ule mara mbili, kwa heshima zote, kisha akamwuliza kosa ni lipi, la jinai au la sarufi. Alimshauri angoje, mtu mzima huwa hapotei kwa siku moja. Mwalimu alitoka pale ana hasira na ana hofu, na hakujua ipi ni kubwa. Usiku ule hakupata hata lepe la usingizi. Ijumaa alfajiri alipanda basi la kwanza, roho mkononi, akijilaumu njia nzima, kwani mtaa ule hakuuchagua mtu mwingine. Aliuchagua yeye, kwa mikono yake, akamtanguliza mdogo wake.

Alifika saa sita mchana, jua la utosi. Mtaa ulikuwa na nyumba za ukuta mrefu pande zote mbili, madirisha yamefungwa katika joto lile. Nguo zilianikwa lakini hapakuwa na mtu wa kuzianua. Mzee mmoja alikuwa anapaka geti rangi. Mwalimu alipomwamkia, mzee aliweka kidole mdomoni, taratibu, bila ubaya, akaendelea na kazi yake. Ilikuwa kweli kwamba mbwa hawabweki. Alimwona mmoja kivulini, macho wazi, akimwangalia tu. Mwalimu alitembea katikati ya barabara, mbali na mageti, akiisikia pumzi yake mwenyewe, na akatamani mtaa wa stesheni na kelele zake na wezi wake.

Nyumba aliijua kwa picha. Kabla hajabisha, mlango ukafunguka, na aliyesimama pale ni Kitinda, mzima, mkavu, futi ya fundi imening'inia shingoni.

Mwalimu alimkumbatia mpaka begi likaanguka. Alimpapasa mabega, uso, mikono, kama mtu anayekagua mtoto aliyeanguka kwenye mti. Alilia waziwazi. Ilimchukua muda kugundua kwamba Kitinda hajamkumbatia.

"Umewahi," Kitinda alisema. "Ingia."

Sebuleni kulikuwa na kiti kimoja karibu na dirisha, na kitini amekaa bibi kizee aliyekonda, shuka miguuni. Mwalimu alimtazama vizuri. Alikuwa shangazi. Shangazi yao, dada wa baba, ambaye walisikia miaka mingi iliyopita kwamba amechukuliwa na watoto wa mumewe, na Mwalimu hakufuatilia. Hata nyumba hii hakuwahi kuijua. Enzi zile barua zilikwenda kwa sanduku la posta. Alimwamkia kwa heshima. Shangazi akaitikia kwa upole, macho hayamjui, akasema mgeni karibu, ila humu ndani tunapenda utulivu.

"Hamjui mtu tena," Kitinda alisema. "Watoto wa mumewe walimrudisha humu, jirani humwangalia, na mimi nakuja kila mwezi tangu mwaka jana. Namwogesha, namlisha. Namshonea mapazia."

Mwalimu aliuliza kuhusu wageni wengine, wale sita, wako wapi.

"Wale sita ni mimi, dada. Hapajawahi kuja mgeni hapa. Wewe ndiye wa kwanza."

Hofu ikageuka hasira, na hasira ya Mwalimu ilikuwa na sauti ya darasani. Alimwambia amemtia kiwewe, amemfanya mjinga mbele ya polisi, amemsafirisha kwa uongo. Kama ana neno la kumwambia kuhusu shangazi, si angesema? Si angemwandikia?

"Nilikuandikia," Kitinda alisema.

Hapo lile neno likapata mahali pake. Lilikuwa kwenye karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, mwandiko wa penseli wa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Dada njoo unichukue. Shangazi anataka utulifu, nikisema ananifungia. Jana nimekaa mpaka leo. Mwalimu aliipokea chuoni, wiki ya mtihani wa mazoezi ya kufundisha, akiwa na kalamu nyekundu mkononi na kiburi cha kalamu mpya. Alidhani mtoto anadeka. Alizungushia makosa yote, tisa, akaandika pembeni "utulivu, si utulifu", akampa alama sita kwa kumi, akairudisha kwa posta pamoja na pongezi kwamba mwandiko unaendelea vizuri. Alimpokea kituo cha basi mwaka mmoja baadaye, alipopata kazi, na akajisifu kwa kumchukua.

"Ilipofika, shangazi ndiye aliyeifungua," Kitinda alisema. Hakupandisha sauti. "Akasoma nilichoandika na ulichojibu. Neno nalijua, dada. Nalijua kuliandika tangu siku ile. Nilitaka nione mara hii utafanya nini ukiliona."

"Nimekuja," Mwalimu alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Safari hii nimekuja."

"Umekuja kwa sababu ya kosa."

Mwalimu aliiweka simu yake mezani, akauliza ni chumba kipi. Kitinda akaonyesha kwa kidevu mlango wa mwisho wa ukumbi. Hakumsukuma wala hakumshika mkono. Mwalimu alikwenda mwenyewe, kwa sababu aliona hilo ndilo dogo kuliko yote analoweza kufanya, kuingia na kuona.

Kilikuwa chumba cha kitanda kimoja cha chuma, sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa. Dirisha lilikuwa limejengewa matofali, likaachwa upenyo wa kiganja juu kabisa, mahali ambapo mtoto hafiki hata akisimama kitandani. Upenyo ule ulitundikiwa pazia jipya, lenye pindo safi la mkono. Mwalimu alimfikiria mtoto wa miaka kumi na mmoja akiutazama mwanga ule mchana kutwa. Aligeuka aseme nisamehe. Mlango ulikuwa unafungwa, polepole, na komeo lilikuwa upande wa nje. Alilisikia likiingia.

Alingoja nyayo ziondoke. Hazikuondoka. Aligonga mara moja, kisha akagonga kwa ngumi, na kutoka sebuleni shangazi akauliza kwa sauti ya upole ni nani huyo anayeharibu utulivu wa watu. Mwalimu aliita jina la mdogo wake, lile la utotoni, mara nyingi.

"Karatasi ipo kitandani, dada," Kitinda alisema, karibu sana, mdomo uko mlangoni. "Na penseli. Andika unachotaka. Nitakisoma, nikisahihishe, halafu nikurudishie."