Msumari Ndani ya Paja

Mkunga mstaafu alianguka sebuleni akifuta vumbi juu ya kabati. Maumivu hayakuja papo hapo. Alisikia tu mlio mkavu, kama kijiti kikivunjika ndani ya nguo. Mguu wa kushoto ukalala umepinda kwa nje, mfupi kuliko mwenzake.

Hospitalini picha ikaonyesha mfupa wa paja umekatika karibu na nyonga. Mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye tangu wote wawili wafiwe na waume, hakutaka kusikia habari ya kisu.

"Dada ana miaka themanini na ushee, daktari. Mwacheni alale, mfupa utaunga wenyewe."

"Akilala miezi, mama, mapafu yatajaa, mgongo utatoka vidonda," daktari alijibu taratibu. "Mimi naogopa kitanda kuliko kisu."

Mgonjwa akafumbua macho. "Mnanijadili kama vile nimeshaondoka. Nipasueni."

Asubuhi akachomwa sindano ya mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini akawa hayupo. Dawa nyingine ikamwingia mkononi, na chumba kikaanza kuelea. Nyuma ya pazia la kijani keekee ya kutobolea mfupa ilikoroma, kisha ikaja nyundo, ko, ko, ko. Hakuogopa. Alimwona marehemu mumewe juu ya ngazi, akipigilia fremu ya mlango wa nyumba yao ya kwanza, jua limejaa chumbani, kuta zingali zikinuka chokaa mbichi.

"Mbona huingii?" mumewe akauliza bila kugeuka.

"Kuna mtu ananingoja."

"Basi mwendee. Mimi bado nina kazi hapa."

"Nani anakungoja, bibi?" sauti ya daktari wa usingizi ikamfikia kutoka mbali.

"Mdogo wangu. Hajui hata kuchemsha chai."

Wakacheka wote, na nyundo ikatulia kidogo.

Kesho yake, msumari wa chuma ukiwa umeshika mfupa kwa ndani, mtaalamu wa mazoezi akamsimamisha. Sakafu ilikuwa ikicheza kama maji. Mguu ulikuwa mzito, kama ameuazima. Mdogo wake akataka kumkimbilia.

"Tulia hapo. Nitafika."

Akasukuma kigari cha kujishikiza wakati wa kutembea, jasho likimchuruzika, mpaka akaegemeza paji la uso begani mwa mdogo wake, ambaye tayari alikuwa analia.

"Unalia nini wewe? Aliyepasuliwa ni mimi."

"Jana nyumbani nilijikuta naongea na kuta, Dada."

Mkunga akamshika kisogo, na hakuna aliyewaharakisha.